Jibu: Mdomo ulipinda kisha ukarudi sawa, tusubiri hadi kesho?

Ndugu, kama mdomo wa mama ulipinda na maneno yakawa mazito kwa dakika kumi kisha akarudi sawa, msisubiri kesho. Hiyo ina sura ya kiharusi cha mpito: mshipa wa ubongo unaziba kwa muda, halafu damu inapita tena. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi ndani ya saa 48 zinazofuata, kwa hiyo mpelekeni hospitali leo, hata kama sasa anacheka na kula vizuri.

Ikirudia, mwambieni atabasamu, anyanyue mikono yote miwili akiwa amefumba macho kwa sekunde 10, kisha arudie sentensi fupi. Mdomo ukilegea upande mmoja, au mkono mmoja ukishuka, au maneno yakitoka mazito, basi: moja tu inatosha kuondoka kwenda hospitali. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5, na hesabu huanzia saa hiyo mliyoandika, si mlipofika mapokezi.

Aspirini msimpe nyumbani. Bila picha ya CT (kipimo cha hospitali kinachoonyesha ndani ya ubongo) hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka aspirini inazidisha kuvuja. Maji na chai pia hapana. Koo lililolegea huviachia viingie mapafuni. Ile ya kuchoma ncha za vidole kwa sindano, inayosambazwa kwenye simu, inawapotezea dakika tu.

Ana kisukari? Pimeni sukari mkiwa njiani, maana ikishuka chini ya 3.9 mmol/L inaweza kuleta dalili zilezile.