Maswali ya Wasomaji: Mshale kwa Mshale, Kona Inasema Inavyoua

Msomaji wa Muheza anauliza: Shikamooni. Kijijini kwetu, kando ya barabara ya Segera–Tanga, watu watatu wamegongwa na kufa ndani ya mwaka mmoja, wote kwenye kona moja. Tumeomba matuta, tukajibiwa kwamba zikusanywe kwanza takwimu za ajali za miaka kadhaa. Kuzika watu watatu hakutoshi?

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Kwanza, msikubali kukaa bure mkingoja takwimu. Kufyeka majani yanayoziba kona, kusimika alama za kupunguza mwendo na kuchora upya mistari iliyofutika ni kazi za wiki hii. Tuta ni jambo jingine, maana likiwekwa mahali pasipolihitaji huleta ajali zake lenyewe. Lori linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa likikuta tuta lisilo na rangi wala rasta (vituta vidogo vya kutikisa gari) za kulitangulia, dereva hukanyaga breki kwa nguvu na basi lililo nyuma humwingia.

Idadi ya vifo haisemi watu walikufaje. Kinachosema ni mchoro wa migongano. Mhandisi huchukua kumbukumbu za polisi za miaka 3 hadi 5, huchora kona yenu kwenye karatasi moja, na kila ajali huiwekea mshale: chombo gani, kilitoka wapi kikienda wapi, saa ngapi, mvua au jua. Mishale ikifika kumi hivi, sura ya tatizo hutokeza. Ikiwa inakutana uso kwa uso katikati ya kona, madereva wanaovateki wasipoona mbele. Hapo dawa ni kuzuia kuovateki, hata kwa kizuizi cha katikati. Ikiwa yote inatoka nje upande uleule siku za mvua, lami imesuguliwa hadi inateleza au imelalia upande mbaya. Na ikiwa inaishia kwa mtu anayevuka, pimeni umbali anaoweza kuona.

Upimaji wenyewe ni huu. Gari la 80 huenda mita 22 kwa sekunde. Sekunde 2.5 za dereva kuona na kushtuka humaliza mita 55, na breki humaliza nyingine 73 hivi, kwa hiyo anahitaji karibu mita 130 kusimama. Anayevuka naye, kwa mwendo wa kawaida, hutumia sekunde 6 kumaliza lami ya mita 7, na katika sekunde hizo 6 gari lile limekwenda mita 130 vilevile. Basi kama kona inamwonyesha mama mwenye ndoo kichwani mita 90 tu, ataanza kuvuka barabara ikiwa tupu kabisa na atakutwa katikati. Msimlaumu kwa uzembe. Kivuko kihamishwe penye upeo wa kutosha, mwendo ushushwe hadi 50 (hapo mita 63 zinatosha kusimama), na kijengwe kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 ili avuke upande mmoja kwa wakati.

Mbona miaka kadhaa, si mmoja? Kwa sababu ajali hupanda na kushuka zenyewe. Mahali palipoua watatu mwaka huu, mara nyingi mwakani pataua wachache hata pasipoguswa. Ukiweka tuta katikati ya hapo utalisifu bure, na kijiji cha jirani kitaiga dawa isiyotibu. Ndiyo maana baada ya ujenzi kona hulinganishwa na kona nyingine za aina yake ambazo hazikufanyiwa kitu.

Dereva wa bodaboda, Pangani, anauliza: Barabara ikiwekwa lami, ikawa pana na laini, si ajali zitapungua zenyewe?

Jibu: Hapana, ndugu yetu, na tunaomba ulitilie maanani hili kwa sababu ya maisha yako. Mashimo yakiondoka, mwendo hupanda. Mtafiti Göran Nilsson wa Uswidi alionyesha kwamba ajali za vifo hubadilika kwa kipeo cha nne cha mwendo: wastani ukitoka 80 kwenda 90, ajali hizo huongezeka kwa takriban asilimia 60. Mwendo umepanda 10 tu!

Kwako wewe, tazama ukingo wa lami. Bega la udongo likimomonyoka hukaa chini ya lami kwa sentimita 8 au 10. Lori likikubana, gurudumu la mbele hudondoka humo. Unakata usukani kurudi, tairi linasugua ubavu wa lami lisipande, kisha linapanda ghafla na kukurusha upande wa wanaokuja. Katika mchoro ajali hiyo huonekana ya uso kwa uso, kumbe ilianzia pembeni. Ukingo uliochongwa kwa mshazari wa nyuzi 30 humrudisha dereva taratibu, na bega la lami hukupa pa kupita. Mambo haya huwekwa kwenye ramani kabla ya ujenzi, kwa bei ndogo kuliko kuja kubomoa.

Na njia panda vilevile: yenye mikono minne ina sehemu 32 ambazo magari yanaweza kugongana, wakati kipilefti chenye mstari mmoja wa magari kina 8, tena kwa mwendo mdogo.

Mwalimu wa Mkanyageni anauliza: Sisi wanakijiji tunaweza kuchangia nini?

Jibu: Mengi, Mwalimu. Kumbukumbu nyingi huharibika kwa maneno mawili: mahali huandikwa “karibu na Muheza”, na sababu huandikwa “mwendo kasi”. Wekeni daftari. Siku, saa, namba za mahali kutoka kwenye ramani ya simu, vyombo, vilikotoka, hali ya mwanga. Majeruhi afuatiliwe siku 30, kwani akifia hospitali siku ya 20 naye huhesabiwa kifo cha barabarani. Ajali zilizokoswakoswa nazo ziandikwe. Nakala moja iende polisi, nyingine TANROADS mkoa (wakala wa barabara kuu), au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ikiwa ni barabara ya wilaya. Na kabla mvua haijaosha, pimeni kwa hatua alama za matairi na vioo vilivyomwagika, kutoka nguzo iliyo karibu zaidi.