Ukitaka reli yako iwe na mwaka wake, anza na malori

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga ameniandikia. "Shikamoo mama," anaanza, kisha anaeleza kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa baharia, alimwachia sanduku la magari madogo ya chuma, mengi yakiwa Matchbox. Sasa amepata treni ndogo ya umeme na anataka kuyapanga magari yale kando ya reli. Anauliza aongeze yapi. Marahaba, mwanangu. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na leo nitalijibu kwa urefu, maana nimelilipia kwa fedha na kwa maneno ya watu.

Mimi ni mtoto wa stesheni. Baba yangu alifanya kazi ya kugeuza njia za treni pale Voi, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na nyumba yetu ilitikisika kila treni ya Mombasa ilipopita usiku. Baadaye nilikuja Uingereza kusomea uuguzi, nikabaki. Miaka ya wodini nairuka. Nilipostaafu nilikigeuza chumba cha nyuma hapa Leicester kuwa Voi ndogo ya mfano, ya mwaka 1962: njia kuu, tawi la kwenda Taveta na Moshi lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ghala la mizigo, na uwanja wa vumbi jekundu mbele ya stesheni.

Fahari ya reli ile inajulikana. Ni Garratt za daraja la 59, vichwa vya treni 34 vya mvuke vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiitwa jina la mlima. Aliyefika makumbusho ya reli Nairobi amemwona Mount Gelai. Cha kwangu nilikijenga mwenyewe kwa mabamba ya shaba. Lakini kichwa cha treni hakikuambii mwaka. Garratt zile zilitembea miaka ya hamsini, zikatembea ya sitini, zikaingia ya sabini. Anayetaja mwaka ni gari lililoegeshwa nje ya stesheni. Ukiweka Peugeot 404 pale, basi huwezi kuniambia ni 1957, kwa sababu gari hilo lilianza kutoka kiwandani 1960. Bedford TJ ni 1958. Ukiweka Peugeot 504, ambayo kila mtu wa rika langu anaikumbuka, umeshafika 1968 na bendera ya mkoloni imeshateremshwa zamani. Land Rover ya kwanza ni 1948, mwaka uleule Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa, na kwa kuwa makao ya Tsavo Mashariki yako Voi, meza yangu bila Land Rover ingekuwa ya uongo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: chagua mwaka kabla ya kutoa hata shilingi.

Wa pili ni ukubwa. Mwanangu, Matchbox za baba yako zitunze kama amana, ila usizisogeze karibu na treni. Kampuni ya Lesney ilipoanza kuziuza 1953, kila gari lilitengenezwa litoshe katika kiboksi chake. Kiboksi ndicho kilichoamua. Ndiyo maana basi la ghorofa na gari dogo la familia yanakaribiana urefu ukiyaweka kiganjani. Kando ya behewa, jicho linakataa mara moja, hata jicho la mtu asiyejua chochote kuhusu reli.

Treni nyingi ndogo za Uingereza ni za skeli ya 1:76, yaani milimita moja mezani ni milimita 76 za kitu halisi, na za Ulaya bara ni 1:87. Land Rover fupi ya mwanzoni mwa miaka ya sitini inakuwa na urefu wa milimita 48 hivi katika skeli ya kwanza, na 42 katika ya pili. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ziweke bega kwa bega uone. Mimi za 1:87 naziweka nyuma kabisa ya meza, barabara inapopanda kuelekea milimani, na hapo zinasaidia kuonyesha umbali. Mbele ni 1:76 peke yake. Pima kwa rula. Muuzaji akikuambia "inafaa treni," mwombe milimita.

Sasa nije kwenye yale ya zamani hasa, ambayo ndiyo mapenzi yangu. Wengi hawajui kwamba Dinky, magari madogo ya chuma kama Matchbox, zilianzia kwenye treni. Frank Hornby wa Liverpool, mtengenezaji wa treni za kuchezea, alizitoa katika miaka ya thelathini ziwe mapambo ya reli zake, watoto wakazipenda kuliko reli zenyewe, na zikawa kubwa mno kwa treni ndogo zaidi zilizokuja baadaye. Mwaka 1957 kampuni aliyoianzisha ikaanza kutoa aina chache ndogo zilizoitwa Dublo Dinky, kwa ajili ya meza za Hornby Dublo, ndizo treni zake hizo ndogo zaidi. Humo mna lori la Austin, Bedford bapa, pikapu ya Morris, tangi la Shell-BP, na Land Rover yenye trela ya farasi. Ninazo zote tano. Lori la Austin linabeba mkonge wa nyuzi halisi niliotumiwa kutoka nyumbani, na trela ya farasi nimeificha, kwa sababu Voi hatukuwa na farasi.

Kuzipata hizo kulinifundisha watu. Kwenye magulio ya vitu vya zamani, kila nikiinama juu ya meza naulizwa mjukuu wangu ana miaka mingapi. Muuzaji mmoja alinipa Bedford akiapa haijaguswa tangu itoke dukani. Niliigeuza. Ribiti ya chini, ile pini inayoshikanisha bodi na sakafu ya gari, ilikuwa imetobolewa na kuzibwa, rangi ilikuwa nzito mpaka mistari ya milango imejaa, na kiboksi kilikuwa cheupe kama shuka la hospitali. Nikamwambia gari limefunguliwa, limepakwa upya, na kiboksi ni cha kuchapisha jana. Akanijibu mbele ya watu kwamba ni kichezeo tu, mama, usijisumbue. Yule hakujua anazungumza na mtu aliyesoma vipimo vya wagonjwa kwa taa ya tochi. Maneno yake bado yananiuma, na sijapita tena mezani kwake.

Basi geuza gari. Kila mara geuza gari. Tazama ribiti, tazama ncha za ekseli, tazama mistari ya milango. Zile za kabla ya vita zikague mara mbili, maana zinki yake mara nyingine ilichanganyika na madini ya risasi, chuma kinavimba na kupasuka chenyewe, na hakuna dawa. Na usipake rangi kitu cha zamani. Ukitaka vumbi la barabara ya murram, nunua gari dogo jipya la bei nafuu, la kampuni ya Oxford Diecast, ulipake poda ya chaki nyekundu upendavyo.

Nyumbani nako nilisemwa. Kaka yangu alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli mama mzima nacheza na magari ya watoto. Vijana, mtasemwa pia, na mkinyamaza mtaonekana mnakubali. Mimi nilimjibu kwamba nimemweka baba pale kwenye njia panda ya Taveta, amesimama na bendera yake ya kijani.

Mwezi uliopita niliipeleka Voi kwenye maonyesho. Mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa akasimama muda mrefu. Hakuanza na Garratt. Akapitisha kidole hewani juu ya malori, moja baada ya jingine, akaniambia kwa Kiswahili safi: "Hii ni kabla ya Uhuru, lakini siyo kabla sana." Hakuna aliyewahi kunisifu zaidi ya hapo.

Jambo la mwisho ni daftari. Andika kila gari: jina, mwaka wake, ulilipata wapi, kwa bei gani, lina kasoro gani. Nimeona magari ya marehemu mmoja yakiuzwa kwa kapu, Dublo Dinky zimechanganywa na plastiki za juzi, kwa sababu familia haikuwa na karatasi ya kuitazama. Daftari langu liko kwenye droo chini ya Voi. Binti yangu anajua liko hapo, na nimemwandikia kwa wino mwekundu yale ambayo hayauzwi.