Kitabu cha Sikukuu: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Shule zimefungwa, na barua nyingi nilizopata wiki hizi hapa Mombasa zinauliza jambo moja: sikukuu hii nimpe nani kitabu gani? Nimezifupisha, nami najibu moja moja.

Mume wangu ataka binti yetu wa miaka 8 anunuliwe kitabu cha marudio ili "afaidike". Mimi nataka cha hadithi. Nani yuko sawa? (Mama, Kisauni)

Wewe, mama. Kitabu cha marudio ni kazi ya shule. Mtoto akikifungua siku ya sikukuu ataona mwalimu kamfuata hadi nyumbani. Hicho mnunulieni Januari pamoja na daftari. Hadithi ikimwingia ataisoma mara nne bila kusukumwa, na msamiati ataupata humo humo.

Nenda naye dukani. Mfungulie ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, na kila neno likimkwaza akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado kizito kwake peke yake. Mchukue kingine, au chukueni hicho hicho mkisome pamoja usiku. Umri ulioandikwa kwenye jalada usikutawale. Mtoto anayependa ngalawa atapambana na kitabu cha ngalawa hata kama kimeandikiwa wakubwa zake. Na baba naye apewe zamu ya kusoma. Akishasikia binti anavyouliza maswali, sidhani kama atalirudia neno lile.

Baba mkwe alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi. Sasa amestaafu, macho yamefifia, tena ni mgumu wa kuridhika. (Mkaza mwana, Changamwe)

Mtafutie *Kuli* cha Adam Shafi, kilichotoka 1979. Ni riwaya ya Unguja, juu ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948, lakini mtu wa Kilindini atajiona ndani yake.

Nasema hivi kwa kuwa nimeyaona. Mjomba wangu alibeba magunia bandarini kabla makontena hayajazoeleka, na uzeeni macho yalimtupa kama ya mkweo. Tukikaa barazani baada ya alasiri, kahawa chungu na kashata mbele yetu, mimi nasoma, yeye ameegemea ukuta. Nilipofika penye mizigo akanyanyua mkono nisimame. Akainama, akanishika vidole akaviweka nyuma ya shingo yake, palipokuwa na sugu ngumu kama kisigino. "Haya, soma tena hapo," akaniambia. Kitabu kilituchukua wiki tatu, kwa sababu kila baada ya kurasa mbili alikuwa na lake la kusimulia, na mengi sikuwa nimewahi kuyasikia, nami nimelelewa nyumba moja naye.

Kwa hiyo usimpe kitabu ukaondoka. Mpe na mtu wa kumsomea. Kama unaona haya kumsomea mkweo, na adabu hiyo naielewa, mpe mjukuu kazi hiyo, kurasa chache kila jioni. Akikatizwa avumilie, maana hapo ndipo mzee anapoanza kusema yake.

Mdogo wangu anaolewa Desemba hii. Nyumbani wanataka apewe Utendi wa Mwana Kupona, mwenyewe asema ni mambo ya kizamani. (Dada yake, Mji wa Kale)

Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi huo, usia wa dini na ndoa, 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Tumezoea kuwapa maharusi utendi huo kama karatasi ya masharti, na hapo ndipo tunapoudhulumu. Mimi nikiusoma namsikia mama anayejua siku zake zinakwisha, anataka kumwachia mwanawe kila kitu kwa pumzi moja. Wako watakaokataa mengi katika yale anayousia, na wana haki ya kukataa. Sauti ya mama yule haipungui kwa hilo.

Hata hivyo, usimlazimishe. Zawadi iliyokwisha kukataliwa itabaki kabatini. Mwekee, umpe siku atakayoitaka mwenyewe, na utafute chapa yenye sherehe ya maneno, kwani Kiamu cha zamani, Kiswahili cha Lamu, kitamtatiza.

Kama anapenda ushairi, mpe *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa hii hii. Alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, *Kenya: Twendapi?*, na mashairi aliyatunga gerezani kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ikachapishwa 1973. Utaniuliza, mashairi ya jela kwa bibi harusi? Ndiyo. Humo mna uchungu, lakini mna pia malumbano ya wawili wanaogombea mnazi, na Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, ni kile mdogo wako alichokisikia nyumbani kwa nyanya. Anaanza maisha na mtu mwingine, na kitabu cha mtu aliyekataa kuliacha neno lake kitamfaa.

Nina watoto watatu wa ndugu zangu na shilingi 600 tu. (Mjomba, Likoni)

Nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, uende asubuhi wakati kuna mwanga. Kishike kitabu, kinuse: harufu ya koga haitoki, nayo huambukiza vitabu vingine. Kurasa zigeuze zote, hasa za mwisho, kwa sababu hadithi isiyo na mwisho ni dhuluma kwa mtoto. Jina la mwenye kitabu wa zamani likiwamo, liache.

Ukikuta kitabu "kipya" kwa bei ya kushangaza, wino umefifia na mistari imepinda, hiyo ni nakala ya wizi. Mwandishi hapati hata senti. Najua vitabu vipya ni ghali, na sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013, iliyoviwekea kodi ya asilimia 16, inaniuma hadi leo. Ila ni heri mtumba halali. Na wakiwa wanaishi karibu karibu, nunua vitatu tofauti, wabadilishane.

Kijana wangu wa miaka 15 haachi simu. (Baba, Bombolulu)

Usimchagulie. Mpe pesa za kitabu kimoja, mwende pamoja, na atakachochukua usikikunjie uso, hata kikiwa cha mpira au cha katuni. Akikuomba ushauri, mtajie *Siku Njema* ya Ken Walibora: kijana wa Tanga anafunga safari hadi Kenya kumtafuta babake. Asipokuomba, nyamaza.

Jirani hutuletea pilau Krismasi, nasi humpelekea Idi. Mwaka huu nataka kumpa mwanawe kitabu. Itafaa? (Mama, Majengo)

Itafaa sana. Sahani yake hairudi tupu, basi kiweke kitabu juu yake, na biskuti pembeni. Chagua hadithi ambayo mwanao pia ameisoma, wapate la kuzungumza.

Nikifunge vipi, na ndani niandike nini? (Msomaji, Nyali)

Nailoni usitumie kama kitakaa siku nyingi kabla ya kutolewa. Kwa joto na unyevu wetu kitatoka jasho humo ndani, na koga itaanza kwenye mshono. Karatasi yatosha. Kama ni cha mama au shangazi, kifunge kwa leso, yaani kanga, na jina la leso, maneno yaliyoandikwa juu yake, ulisome vizuri kabla ya kulipa.

Ndani andika jina lake, tarehe, mahali, kisha neno moja linalohusu kitabu chenyewe. Tumia kalamu ya kawaida, maana wino wa majimaji husambaa. Shangazi yangu aliniandikia nikiwa darasa la sita: "Ukifika ukurasa wa 40, njoo uniambie." Alikaa Kibokoni, sisi tulikaa ng'ambo, Likoni. Nilifika ukurasa wa 40 siku ya pili, nikaomba nauli, nikavuka feri na kitabu kwapani.