Kijiko kinachong'aa: doa jeupe linatoka wapi?

Ndugu, doa jeupe linaloharibu picha ya kijiko chako ni taa yenyewe. Chuma king'aacho ni kioo: huonyesha kilicho mbele yake. Zima flashi, na balbu ya chumbani pia, la sivyo utapata ubuluu wa mwanga wa dirisha upande mmoja na unjano wa balbu upande wa pili. Weka kijiko karibu na dirisha, mwanga uingie ubavuni, kisha tundika karatasi nyeupe nyembamba kati ya dirisha na kijiko. Ukiisogeza karibu na kijiko, mng'ao hutanuka na kulainika. Kingo zikipotelea kwenye meza nyeupe, simamisha kadibodi nyeusi pembeni, nje kidogo ya fremu, itazichora. Simu iegemeze kwenye vitabu, tumia kipima muda cha sekunde 3. Sura yako ikitokea kijikoni, rudi nyuma ukuze picha (zoom) mara 2. Sura itapungua tu, haitatoweka; kijiko kimebinuka, huona chumba kizima.