Maswali yenu: Jarida la imeili, na nyie mnaotaka liwe Facebook

Niliandika juzi kwamba mtu aliyechoka kukimbizana na Facebook, Instagram na TikTok anaweza kuhamia kwenye jarida la imeili, yani unaandika barua moja kwa utulivu, inaenda kwa waliojiandikisha, basi. Maswali yamekuja mengi na karibu yote yanaulizia namba. Nimechagua haya.

Nikianza leo, mwezi wa kwanza napata watu wangapi? (Kijana, Igoma)

Wachache. Dada yako, marafiki wawili watatu, na mtu mmoja usiyemjua kabisa ambaye ndo wa maana kuliko wote. Kaka, hilo ni swali la Facebook umelihamishia huku. Kule unahesabu watu kwasababu huna kingine cha kushika, nani aone posti yako na aione lini wanaamua wenyewe kampuni. Huku mtu kaandika anwani yake kwa mkono wake akaomba umtumie. Kama huna cha kuwaambia hao wachache, wakifika elfu kumi ndo utakuwa nacho?

Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, wateja wengi wako Kahama, Dodoma na Dar. Kila siku stetasi WhatsApp mpaka nachoka. Imeili inanifaa? Halafu wateja wangu hawana imeili. (Mama wa dagaa)

Mama, bei ya leo iache huko huko WhatsApp, bei ya asubuhi jioni sio ile, na barua haiwezi mbio hizo, wala isijaribu.

Ila angalia na yale mengine unayoposti. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja na walioanikwa mchangani, mtu akiwashika anajuaje tofauti. Gunia lililonyeshewa unalitambuaje hata kama limekaushwa tena. Kwanini giza likiingia, zile siku mwezi hautoki usiku, mzigo unajaa, na mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika maana taa zao hazivuti tena dagaa. Hayo unayaeleza kwa simu kwa mtu mmoja mmoja hadi sauti inakauka, ukiyaweka stetasi yanafutika baada ya saa 24, na kesho mteja wa Kahama anakuuliza tena. Hayo ndo barua. Na ratiba unayo tayari, mwezi unakupangia: tuma moja giza linapokaribia ili mteja aandae hela yake, tuma nyingine kwenye mbalamwezi ambapo mzigo ni mdogo na una muda wa kukaa ukaeleza kitu vizuri. Mbili kwa mwezi, zinatosha kabisa, usije ukaanza kutuma kila siku ukaniambia imeili nayo inachosha.

Kuhusu wateja kutokuwa na imeili, wanazo. Mtu mwenye simu ya Android anayeshusha programu Play Store ana akaunti ya Google, tatizo wengi walifunguliwa na kijana aliyewauzia simu na neno la siri likabaki dukani. Mwambie mteja afungue Gmail, abonyeze kile kiduara cha juu kulia, akusomee kilichoandikwa. Ikishindikana mwache, mpigie kama siku zote. Wa aina hiyo watakuwepo na hela zao ni zile zile.

Nina imeili kama 400, nilizikusanya kwenye karatasi za mahudhurio ya semina na kwenye magrupu. Naziingizaje zote kwa mkupuo? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Huziingizi.

Kila nikigusa mada hii swali hili lazima lije, na linakuja na furaha ya mtu aliyeokota mtaji. Jamani. Yule aliyesaini karatasi alisaini apate posho ya semina, hakuomba mawazo yako ya kila Jumatatu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na imeili ya mtu ni taarifa yake binafsi, iliyochukuliwa kwa kazi moja huibebi tu ukaenda nayo kwenye kazi nyingine. Sheria kama huiogopi basi iogope Google. Tangu Februari 2024 wao na Yahoo wamekaza kamba, malalamiko ya spamu (yani barua ambazo mtu hakuziomba) yasifike asilimia 0.3, yani watu watatu kwenye elfu, na anayetuma barua za matangazo au majarida kuanzia 5,000 kwa siku lazima aweke njia ya mtu kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Piga hesabu mwenyewe, kwa hao 400 wako wakikuripoti wawili tu umeshavuka, na hapo barua zako zinaanza kutupwa kwenye spamu hata kwa yule mmoja aliyekuomba kwa hiari yake.

Weka linki kwenye grupu, sema unaandika nini na mara ngapi, anayetaka ajiandikishe. Wakija 20 hao ndo orodha yako. Na nyie mnaopita mkiuza orodha za imeili kwenye magrupu, tunawaona.

Substack au Mailchimp?

Zote ni huduma za kutumia majarida, chukua yoyote inayokuruhusu kushusha orodha yako nzima kama faili la CSV, yani jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel. Ishushe kila mwezi, weka kwenye flashi. Mengine mbwembwe.

Nataka wasomaji walipie kila mwezi kwa Substack, ila nikifika kwenye malipo inanigomea. (Mwandishi, Capri Point)

Itaendelea kukugomea. Malipo ya Substack yanapita Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti za biashara za Tanzania, hata ubadilishe benki. Na usiniletee habari ya rafiki wa Marekani atakayekufungulia kwa jina lake, siku mkikosana hela iko kwake na wasomaji wako kwake. Tuma barua bure, chini weka lipa namba, aliyechangia muandike kwenye daftari. Ni kazi ya mikono ndio, lakini kule Substack wangekukata asilimia 10 na Stripe nao wakate ya kwao. Kazi ya mshahara usiache kwanza.

Naambiwa asilimia 60 wamefungua barua yangu. Nifurahi?

Kidogo. Kinachohesabu ni kapicha kasikoonekana ndani ya barua, na tangu 2021 programu ya Mail ya Apple inaweza kukapakua yenyewe hata mtu asipofungua chochote. Hesabu waliokujibu.

Mimi ni msomaji tu. Nimejiandikisha kwingi, sasa yamelundikana sijasoma, najisikia kama nadaiwa. Si ndo yale yale ya Facebook? (Mwalimu mstaafu, Nansio)

Shikamoo mwalimu. Afadhali nimepata swali la msomaji.

Si yale yale, ila mtu anaweza kuyafanya yawe yale yale. Facebook ni daladala ya Buhongwa, imejaa na konda bado anaita. Barua ina mwisho, unafika kwenye jina la aliyeandika unaweka simu chini. Sasa ukichukua barua zenye mwisho ukazipanga foleni arobaini, umejitengenezea Facebook kwa mikono yako. Shuka chini kabisa ya kila moja kuna maandishi ya kujitoa, yanawekwaga madogo makusudi. Jitoe kwenye yote ambayo huyakumbuki bila kuyaona, na mwandishi usimuonee huruma, hata mimi. Yatakayobaki yatengenezee lebo kwenye Gmail yaende huko yenyewe, usome Jumamosi. Ya miezi iliyopita futa bila kufungua, hakuna aliyekukopesha.

Halafu nyie wa Ukerewe mna faida moja. Fungua Gmail ukiwa bandarini kwenye mtandao, barua zikishuka zimeshuka, katikati ya ziwa mtandao ukikata zinasomeka. Facebook hapo inazungusha duara tu.

Imeili si mambo ya wazee?

Ya mwaka 1971, Ray Tomlinson ndo aliyeiwekea ile @. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima kwa karibu masaa sita dunia nzima, Mei 2025 X (zamani Twitter) ikafungwa hapa kwetu, siku zote hizo imeili zilifika.

Niweke picha ngapi?

Moja, ndogo, msomaji analipia bando. Na maandishi pamoja na msimbo wa kompyuta unaoyapanga yakizidi kilobaiti 102 Gmail inaikata barua, linki ya kujitoa inabaki huko chini ilikokatwa, mtu akikosa pa kutokea anabonyeza spamu, na hesabu ya spamu nimeshamfanyia yule wa Nyegezi.