Nani atamlipa msanifu majengo? Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza jambo zito kwa ujumbe wa sauti mrefu kama safari ya Kalemie. Wacha nilifupishe tujue tunaongea nini. Una miaka 24, una diploma ya ujenzi, unachora mifereji na barabara za mgodi huko Kolwezi, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia bila kukosa. Sasa moyo unakutuma uache hayo yote ukaanze miaka 5 ya usanifu majengo. Hofu yako ni kwamba utarudi Lubumbashi ukute watu bado wanajenga kwa fundi na kamba, bila kumtafuta mtu wa kuwachorea. "Mama, nani atanilipa?"

Baba yako amekwisha kukujibu kwa neno moja, unalijua. Mimi nitakwenda polepole, maana nauza simenti, nondo na mabati hapa Lubumbashi, kwenye mtaa unaoitwa komini ya Kenya, tangu hujazaliwa, na wanaojenga mji huu nawaona kabla hawajachimba msingi.

Anayejenga ni mtu wa namna hii: mwalimu, au mama wa soko, au dereva wa malori ya Kasumbalesa. Anachukua mifuko 4 ya simenti, anaondoka. Baada ya miezi miwili anarudi kuchukua nondo za milimita 10, chache tu, zinazobebeka kwenye mkokoteni. Kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, anaanza na nyumba ndogo ya nyuma, aneksi, anahamia humo na watoto ili asiendelee kulipa kodi, kisha anaigeukia nyumba kubwa ya mbele. Mwaka huu kuta, mwaka ujao linta, mabati yanangoja mpaka ndugu aliye Afrika Kusini akumbuke nyumbani. Nyumba inachukua miaka kumi, nyingine kumi na mitano. Wenye majumba ya kule mtaa wa Golf wapo, lakini ni wachache na wana watu wao tayari. Mji wenyewe ni huyu wa mifuko 4.

Huyu hana plani, mchoro wa nyumba. Ana fundi, na mafundi wetu wengi ni hodari, usije ukatoka shuleni ukawadharau. Lakini fundi analipwa kwa ukuta uliosimama leo. Hakuna anayemlipa afikirie mwaka wa nane. Ndiyo maana aneksi inakaa palepale ambapo lori la mchanga lingepita. Shimo la choo linachimbwa popote palipo wazi, halafu kisima kinachimbwa hatua chache upande wa mteremko. Nguzo zinaachwa na nondo zimechomoza juu kungojea ghorofa, mvua zinazinyeshea msimu baada ya msimu, na siku pesa za ghorofa zinapopatikana inagundulika kwamba msingi ulikuwa wa nyumba ya chini tu, na ngazi haina pa kukaa. Wanabomoa. Wakibomoa, mimi nauza simenti mara ya pili. Nakuambia hivi kwa sababu ni mtoto wangu, mteja simwambii.

Kuna na hesabu ndogo ambayo watu wangeilipia kama wangeonyeshwa. Nyumba ya mita 8 kwa 8 na nyumba ya mita 4 kwa 16 zina ukubwa uleule, mita 64 za mraba. Kuta za nje za ile ya kwanza ni mita 32, za ile ya pili ni mita 40. Hizo mita 8 za ziada ni msingi, matofali, linta na lipu. Wengi wanajenga ile ndefu kwa sababu jirani alijenga ndefu. Pesa zikipungua wanapunguza simenti ya zege. Zege la nguzo linataka kilo 350 kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7, na mimi naona kwa macho yangu anayechukua 4 akisema fundi atajua la kufanya. Plani nzuri ingempunguzia ukuta, isingegusa nguzo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mwalimu huyu atakulipa. Hatakulipa ukimletea picha ya kompyuta ya nyumba iliyokamilika, ina maua na gari mlangoni, halafu ukamwomba asilimia ya gharama yote. Hiyo gharama yote haijawahi kuwa mfukoni mwake hata siku moja. Atakulipa ukimchorea nyumba inavyoanza, wapi inaweza kusimama miaka mitatu bila kuharibika, na mwisho wake utakuwa upi. Na umtoze kidogo kidogo, hatua kwa hatua, jinsi anavyojenga. Nenda shule, lakini nenda ukajifunze kuchora nyumba ya miaka kumi.

Sina hakika kama kuna mwalimu atakayekufundisha hivyo kwa jina. Utafundishwa vipande, na kuviunganisha ni kazi yako. Miaka mitatu ya lisansi, shahada ya kwanza, na miwili ya masta, shahada ya pili, imejaa: atelye ya kuchora, nguvu za vifaa, historia, mwanga na joto, mipango ya mji. Hesabu za nondo hazitakusumbua, umezizoea. Kitakachokusumbua ni atelye. Mgodini mhandisi anakupa vipimo, wewe unachora. Katika atelye unapewa kiwanja na familia ya watu wanane, vipimo uvitafute mwenyewe, halafu unasimama mbele ya juri, watu watano wanaiponda kazi uliyoikeshea. Uzoee. Mteja wangu anayetaka kupunguziwa bei ana maneno makali kuliko juri yoyote.

Jua nalo lisome vizuri, kwa sababu vitabu vingi utakavyokuta vimeandikwa Ulaya, na huko wanasema dirisha kubwa litazame kusini. Hapa ukifuata hivyo utamnyima mtu jua wakati analitaka. Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6, ile baridi yetu ya kuvaa makoti asubuhi, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Baraza na chumba cha kukaa vikitazama kaskazini vinapata joto bila kulipa umeme wala makala, mkaa wa kuni. Ikifika Oktoba mambo yanageuka: jua la saa sita linapita juu ya utosi, kuta hazipigwi sana, adui ni paa. Mabati bila dari, umelala chini yake mtoto mdogo, unajua mwenyewe. Ukuta wa magharibi nao unapigwa alasiri yote, basi huko peleka stoo, bafu, jiko, usipeleke chumba cha watoto. Hayo yote hayaongezi hata mfuko mmoja wa simenti. Ni kugeuza nyumba tu kabla ya kupiga kamba.

Kuhusu paa, kuna msanifu ningependa umfuate, Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso. Kijijini kwao Gando alijenga shule ya msingi iliyokamilika 2001: kuta za udongo uliochanganywa na simenti kidogo, na paa la mabati limeinuliwa juu ya dari, hewa ya moto inapita katikati na kutoka. Wanakijiji wenyewe walijenga. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo 2004, na 2022 akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Lakini ninalotaka ulione ni jingine. Alikuwa seremala kwanza. Shule ilipojengwa alikuwa bado mwanafunzi Berlin, na shahada yake aliipata 2004, akiwa anakaribia miaka 40. Wewe unaniambia miaka 24 umechelewa!

Kuhusu udongo, nitasema kinyume cha biashara yangu. Matofali ya hapa yanatoka kwenye vichuguu, unakumbuka vile vikubwa vya njia ya Kipushi, na yanachomwa kwa kuni za miombo. Zamani kuni zilikuwa jirani, sasa malori yanazifuata mbali, na makala yanakula miti ileile. Tofali lililoshindiliwa kwa mashine, lenye simenti kidogo na lisilochomwa, lipo na linasimama vizuri likikingwa na maji chini na juu. Shida yake ni heshima: watu wanaliona la maskini. Hapo ndipo msanifu anahitajika, alifanye liwe zuri hadi tajiri alitake. Wazimbabwe wana jengo la Eastgate mjini Harare, la 1996, ambalo msanifu wake Mick Pearce alilipangia njia za hewa akiwa na vichuguu akilini. Sisi wenye vichuguu tunavibomoa tu.

Ukija likizo tembea kwa miguu kutoka mtaa wa Kamalondo mpaka mjini, na daftari. Mji huu ulianzishwa 1910, mtawala wa Kibelgiji Émile Wangermée akaupanga kwa barabara zilizonyooka na kukatana. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika wakaacha ukanda mtupu wa mamia ya mita, kwa kisingizio cha mbu wa malaria. Umejengwa ukajengwa, lakini watu bado wanakwenda kazini na kurudi kwa kufuata mpango ule. Aliyechora mstari ule amekufa zamani. Kisha pita kwenye Jengo la 30 Juni, lililokamilika 1956 likiwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, kazi ya Mbelgiji Claude Strebelle na wenzake. Lichore kwa mkono, usipige picha. Programu za kompyuta unazijua, na mpya utazizoea haraka. Mkono wako ndio mvivu. Mteja aliyesimama kwenye kaunta haelewi mistari ya AutoCAD, anaelewa kalamu inayotembea huku anaongea. Maketi, nyumba ndogo ya mfano ya katoni, anaielewa zaidi.

Jambo la makaratasi ni fupi ila ni la hatari. Kwa sheria yetu ya Kongo ya 1973 ardhi ni ya serikali, na anayejenga anatakiwa awe na cheti cha usajili cha parseli yake. Usichore hata mstari kabla hujakiona. Nimeona kuta nzuri zikipigwa nyundo kwa sababu parseli moja iliuzwa kwa watu wawili.

Shule: uliza kwanza za hapa Lubumbashi, maana kulala nyumbani ni pesa. Kinshasa iko ISAU, taasisi ya usanifu majengo na mipango miji, ila Kinshasa ni ndege. Kitwe, Zambia, Chuo Kikuu cha Copperbelt kinafundisha kazi hii, na ukipima barabara, Kitwe iko karibu na nyumbani kuliko huko Kolwezi ulipo. Wanafundisha kwa Kiingereza, itabidi ukaze. Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu cha Ardhi. Baba yako atasema mbali, mimi nasema fikiria. Ukichagua nje, kabla hujalipa chochote hakikisha diploma hiyo itakubaliwa na wizara yetu, na upate jibu lililoandikwa.

Sasa pesa. Usiache kazi mwezi huu. Kaa mpaka mkataba wako uishe, weka akiba. Minervali, ada ya shule, ya miaka mitatu ya lisansi nitalipa mimi. Ya masta utajilipia, na nitakuambia utaipata wapi. Pembeni ya duka, pale tulipokuwa tunaweka rangi, nitaweka meza. Siku za Jumamosi za likizo utakaa hapo. Anayekuja kununua simenti ya msingi, utamuuliza parseli yake ikoje, kisima kiko wapi, anataka kuishia wapi, utamchorea hatua yake ya kwanza, atakulipa kwa hatua hiyo. Mwakani atarudi kwa hatua ya pili, kwa sababu simenti ataifuata hapahapa. Nyumba za chini tu, na usiweke sahihi ya msanifu kabla hujawa msanifu. Mwenye kutaka ghorofa au kibali cha kujenga mpeleke kwa anayetambulika, umwombe huyo akupe staji, mafunzo ya kazi. Mafundi wawili wanaopita hapa kila siku nimekwisha kuwaambia. Mmoja alicheka, mwingine akauliza unakuja lini.

Kodi ya meza mwaka wa kwanza nakusamehe. Wa pili tutaongea.

Mama yako