Kinasarada: Je, Kitakufikisha Mombasa bila Faini?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: vifaa vinavyonasa mawimbi ya mashine za kupimia mwendo. Hapa tutaviita vinasarada. (Vijana wa mtaani wakiambiana "kaa rada" wana maana nyingine, yaani kuwa macho, ingawa kwa dereva ushauri wao ni bora kuliko kifaa.)

Kila mwezi naendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Shemeji yangu aliye Marekani anasema huko watu wa safari ndefu hawatoki bila kinasarada, na yuko tayari kuniletea kimoja cha dola 400. Nikubali? *Msomaji, Buruburu*

Mshukuru shemeji, lakini mwombe hizo dola 400 zigeuke matairi mawili mazuri.

Kinasarada ni redio. Hakirushi kitu, kinasikiliza tu masafa ya mashine za polisi, yanayoitwa kwa herufi: X karibu na gigahezi 10.525, K karibu na 24.15, na Ka kati ya 33.4 na 36, ambako mashine nyingi za Marekani hukaa kwenye 33.8, 34.7 au 35.5. Wimbi la mashine lazima liende hadi kwenye gari, ligonge, lirudi, na bado liwe na nguvu za kusomeka. Kinasarada kinahitaji ile safari ya kwenda peke yake, kwa hiyo penye tambarare kinaweza kulia ukiwa kilomita 2 au zaidi kutoka kwa askari, yeye akiwa bado hajapata kipimo. Tena huko kwa shemeji magari mengi ya polisi huzunguka na rada imewashwa, na msongamano wa magari yaliyo mbele hutawanya mawimbi hayo hadi kwako. Hapo kifaa kina kazi.

Sasa kilete Emali. Askari amesimama kando ya barabara, ameinua mashine hadi jichoni kama mtu anayetazama kwa darubini, na picha ya namba ya gari inatokea ndani yake. Mashine ya namna hiyo kwa kawaida ni ya leza. Mwali wake ni wa mwanga usioonekana, urefu wa wimbi nanomita 905 hivi, na ukifika mita 300 upana wake haujazidi mita 1. Unagonga namba ya gari lako tu, hausambai kwa jirani. Kipimo huchukua chini ya sekunde moja. Kinasarada chenye jicho la leza kitalia kweli, ila kitalia kwa sababu umekwisha kupimwa. Kwa mwendo wa 120 gari linakata mita 33 kila sekunde. Mguu wako haujagusa breki na mambo yameisha.

Hata askari akiwa na rada ya kawaida, akishikilia kitufe bila kukibonyeza mpaka gari litokee, hakuna wimbi la kunasa kabla ya hapo. Dereva wa mbele yako akipimwa, utasikia mabaki. Ukiwa peke yako kati ya Kibwezi na Mtito Andei saa kumi na moja alfajiri, wewe ndiwe wa mbele.

Hesabu ya faida nayo ni nyembamba. Kilomita 100 za barabara nyeupe kwa mwendo wa 100 ni dakika 60, na kwa 120 ni dakika 50. Dakika 10. Kilomita 100 nyeupe kwenye njia ya Mombasa ni nadra, maana trela moja linalopanda polepole karibu na Salama hukunyang'anya dakika hizo zote. Upande wa pili wa mizani uko hivi: kwa 100, kwenye lami kavu na breki nzuri, unahitaji kama mita 97 tangu uone punda hadi gari lisimame, kwa 120 zinakuwa karibu 129.

Wengi hukamatwa mjini, si kwenye nyika. Gari dogo la binafsi linaruhusiwa 110 kwenye barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, 100 kwenye barabara ya kawaida, na 50 katikati ya miji. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Voi, Maungu, Mariakani: kibao cha 50 kinasimama kabla ya maduka ya kwanza, na kishawishi kipo upande wa kutokea, pale matuta yameisha lakini kibao cha kuondoa 50 bado. Usikanyage mafuta mpaka ukipite. Kwa Kanuni za Makosa Madogo za 2016, kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Ukizidisha zaidi ya hapo, unaonana na hakimu.

Kama bado unataka kifaa, unacho mfukoni. Fungua ramani ya simu yenye spidomita, weka kengele ilie ukizidi kikomo, na uibandike simu usawa wa dashibodi, mbali na mfuko wa hewa. Mwendo wa GPS hausubiri mtandao. Kinachohitaji data ni taarifa za madereva wengine, nazo hukatika ukiingia Tsavo, basi usizitegemee huko.

Na vile vya kuizuia mashine ya polisi isisome? *Msomaji, Kasarani*

Hapana. Kifaa kinachorusha mawimbi ili kuvuruga mawasiliano ya redio ni kosa la jinai, jambo zito kuliko mwendo uliotaka kuuficha.

Nimenunua Fielder iliyotumika Japani. Juu ya dashibodi kuna kidude chenye kioo kidogo kinachoongea Kijapani nikiwasha gari, na saa yake imepotea. Muuzaji anasema ni rada ya polisi. Ni kweli? Nikiache? *Mama wawili, Ruaka*

Mama, kwanza tutofautishe, kwa sababu magari ya Japani huja na visemaji viwili. Kile kilichofichwa chini ya usukani au nyuma ya kivuli cha jua, chenye tundu la kadi, ni cha kulipia barabara za kwao. Kinalalamika kwamba hakuna kadi. Expressway yetu haikitambui. King'olewe tu.

Chenye kioo juu ya dashibodi huenda kweli ni kinasarada. Wajapani huvinunua sana, vya Yupiteru, Cellstar au Comtec. Saa yake haijapotea: iko Tokyo, saa 6 mbele ya Nairobi. Ndani kuna redio iliyotengenezwa kwa mashine za Japani, ambazo kwa miaka mingi zilikaa kwenye X ya gigahezi 10.525, na orodha ya kamera zilizosimikwa kwenye barabara za Japani. Orodha hiyo haina faida kwako, sawa na redio ya gari lako inayoishia megahezi 90 huku stesheni nyingi za hapa zikiwa juu ya hapo.

Lakini usikitupe haraka. Kina GPS, na satelaiti ni zilezile dunia nzima. Bonyeza kitufe cha kubadili ukurasa mpaka upate namba kubwa inayopanda na kushuka na gari: huo ni mwendo wako halisi, mara nyingi sahihi kuliko mshale. Punguza sauti hadi sifuri, baki na namba.

Tazama umeme wake. Kikiwa kimechomekwa kwenye soketi ya kiberiti inayozimika na ufunguo, sawa. Vingine vimeungwa kwenye soketi ya OBD2 chini ya usukani, na fundi atakapotaka kupima injini itabidi akichomoe. Kibaya zaidi ni kilichoungwa na fundi wa haraka moja kwa moja kwenye waya usiozimika. Kifaa kinachokula ampia 0.3 humaliza ampia-saa 7 kwa siku. Betri ndogo ya ampia-saa 35 ikiachwa hivyo siku 3 au 4, asubuhi ya Jumatatu gari linatoa mlio wa "tk tk" tu. Mwambie fundi wa umeme ahamishie waya mwekundu kwenye fyuzi ya ACC (inayozimika na ufunguo), aweke fyuzi ya ampia 1 au 2 katikati, na mweusi aufunge kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi.

Cha kwangu nilikileta kutoka nje. Thika Road kinalia kuanzia Roysambu mpaka nyumbani. Kimeharibika? *Msomaji, Ruiru*

Kinafanya kazi sawasawa, na ndiyo taabu yenyewe. Masafa ya K ni ya watu wengi. Milango ya maduka makubwa inayojifungua hutumia gigahezi 24, na magari mengi yenye taa ya kuonya kwenye vioo vya pembeni, kama Mazda CX-5, yana rada ndogo za masafa hayo kwenye bampa ya nyuma. Ukifuata moja kutoka Roysambu hadi Ruiru, kifaa kitakupigia kelele njia nzima.

Ingia kwenye mpangilio, zima X, washa kichujio cha magari mengine, na uache Ka ilivyo. Kifaa kikiwa na GPS, kifundishe kunyamazia mlango wa duka ukipita pale mara mbili tatu. Kikae sambamba na barabara, chini ya kioo cha kutazamia nyuma, bila waipa wala utepe wa tinti mbele yake. Tinti yenye chembe za chuma hula mawimbi kabla hayajafika. Vile vya dola 30 vinavyoandikwa "nyuzi 360" havina mipangilio hiyo. Hulia kila mahali, na baada ya wiki mwenyewe huvizima.

Kabla ya kuagiza kingine, elewa kwamba kifaa cha redio kinachoingizwa nchini huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Pata jibu lao kwa maandishi kabla mzigo haujafika forodhani. Na ukisafiri nacho: Afrika Kusini na Ufaransa ni marufuku. Marekani kwenyewe, Virginia na Washington D.C. hawakubali.

Namanga hadi Arusha je? *Msomaji, Kitengela*

Huko mashine yenyewe inaitwa tochi, na inakungoja vijijini. Kibao cha 50 ukikiona, shuka 50 hapohapo hata kama kijiji ni nyumba tatu na mbuzi.

Nilipimwa 107 nikiwa na hakika mshale ulikuwa 103. Nililipa 500. Mashine zao hazina kasoro? Gari ni X-Trail, nililiinua mwaka jana na kuweka matairi 225/75R16. *Msomaji, Syokimau*

Jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ya mwisho. X-Trail yako ilikuja na 215/65R16, tairi la kipenyo cha milimita 686 hivi. Hilo jipya ni 744. Kila mzunguko wa gurudumu unakupeleka mbele asilimia 8.5 zaidi, na spidomita haijui.

Kiwandani mshale huwekwa usome juu kidogo ya mwendo halisi, usiwahi kusoma chini. Tuseme wako ulizidisha asilimia 4: mshale 103 ulikuwa mwendo wa kama 99. Ongeza asilimia 8.5 za tairi jipya, unapata 107. Mashine ilikupima vizuri.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye kipande kilichonyooka na kisicho na mwinuko, shikilia mshale kwenye 80 kwa sekunde 10, abiria asome GPS. Rudia kwenye 50 na 100, kisha andika namba tatu kwenye kikaratasi ubandike karibu na spidomita. Odomita nayo inadanganya kwa kiasi kilekile: safari ya kilomita 480 itaandika 442 hivi, na oili unayomwaga kila 5,000 inatembea kama 5,400. Imwage kila 4,600.

Na angalia matao ya magurudumu ya mbele ukikata usukani hadi mwisho. Kwa tairi la ukubwa huo plastiki ya ndani mara nyingi imeanza kuliwa.